Usiguse chuma kabla ya kupima eko ya moyo

Mdogo wangu, weka hivyo vyuma chini. Unaulizia ule nini uongeze kilo, mgongo unauma kwa nini, na ratiba ya benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma. Halafu kwa kupitia tu unataja kwamba una miaka 19, umewapita wote kwenu kwa urefu, kifua kimebonyea katikati, viungo vinalegea, miwani inabadilishwa kila mara. Hayo yakikusanyika yanaweza kuwa Marfan, ugonjwa wa tishu unganishi, zile zinazoshikilia mwili pamoja. Na kocha kakuambia benchi nzito itakijaza kifua. Hayohayo niliambiwa mimi, na aliyeniambia hajawahi hata kuuliza kama nilipona.

Alikuwa akinisimamia juu ya kichwa: "Kaza! Huna ugonjwa, huna misuli!" Nami nabana pumzi, nasukuma. Siku moja katikati ya seti kifua kikachoma upande wa kulia, pumzi ikakata. Pafu lilikuwa limetoboka na kusinyaa. Nikawekewa mpira ubavuni wa kutoa hewa. Daktari wa zamu akaniangalia mikono, akaniambia nikunje gumba ndani ya kiganja nifunge ngumi. Ukucha wote ukachomoza upande wa kidole cha mwisho. Nikazungushia vidole kifundo cha mkono wa pili, gumba na kidole cha mwisho vikapandana. Akaagiza eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, ilikuwa imetanuka kwenye shina lake hadi sentimita 4.6. Marfan.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba nilishakwenda kliniki kabla, moyo ukinienda mbio. Wakapima ECG, ikatoka safi, wakanipa vitamini na kuniambia nina moyo wa simba. ECG inasoma umeme wa moyo, haipimi upana wa aota! Kwa karatasi ile nikaendelea kubeba.

Jeni yenye hitilafu ni FBN1, inayotengeneza fibrilini, protini inayoipa tishu unganishi uimara na mnyumbuko. Ndiyo maana macho, mifupa, mapafu na aota vinaweza kuguswa kwa pamoja. Ukibana pumzi chini ya mzigo, shinikizo la damu linapanda ghafla, na ukuta uliodhoofika unaweza kuchanika. Flo Hyman, nyota wa voliboli wa Marekani, alianguka mechini Japani mwaka 1986 akafariki, na Marfan yake ikajulikana baada ya kifo. Usiniambie kwenu hakuna mwenye ugonjwa huo: takriban mgonjwa 1 kati ya 4 hakuurithi kwa mzazi.

Huenda huna. Urefu peke yake si ugonjwa, na vidole peke yake havithibitishi kitu. Lakini eko kwanza, chuma baadaye. Sema wazi unataka shina la aota lipimwe, kisha daktari wa moyo ndiye akuambie ubebe nini. Daktari wa macho naye aangalie kama lenzi imehama.

Na yakikupata maumivu makali ya ghafla kifuani au katikati ya mabega, kimbilia dharura, uwaambie unahofia aota. Wakikurudisha nyumbani kwa ECG tu, usiondoke.