Changarawe Iliyotiwa Emulsheni ya Lami: Maswali na Majibu

Ripoti ya maabara inapendekeza emulsheni asilimia 2 kwa tabaka la msingi. Je, inatosha?

Swali hili huletwa mara kwa mara, na mwuliza hasemi kama hiyo 2 ni emulsheni nzima, yaani matone madogo ya lami ndani ya maji, au ni lami inayobaki maji yakishaondoka. Emulsheni ya asilimia 60 ina sehemu 60 za lami katika kila 100. Zilizobaki karibu zote ni maji. Kwa hiyo asilimia 2 ya emulsheni huipa changarawe lami asilimia 1.2 tu, ambayo kwa kawaida ni haba. Ukitaka lami halisi asilimia 2 ya uzito wa changarawe kavu, utahitaji emulsheni asilimia 3.3, na ndani yake kuna maji asilimia 1.3. Tuseme sasa unyevu mwafaka wa kushindilia ni asilimia 7, na changarawe tayari ina unyevu wa asilimia 5. Jumla ya vimiminika inafika 8.3, maana lami ambayo haijashikana nayo hulainisha chembe kama maji yanavyofanya. Rola itasukuma uji badala ya kushindilia tabaka. Kausha changarawe kwanza. Usipunguze emulsheni ili hesabu ikae sawa.

Je, kuna ubaya gani kuongeza saruji hadi asilimia 2 ili nguvu ipatikane mapema?

Ubaya ni kwamba utakuwa umejenga tabaka la saruji na kulipia lami bure. Katika mchanganyiko huu lami huzishika chembe kwa madoa madoa, haizifuniki zote kama kwenye lami ya moto, na ndiyo sababu tabaka hubaki na msuguano wa changarawe huku likiongezewa mshikamano na uwezo wa kuhimili maji. Saruji kidogo husaidia emulsheni kuvunjika, yaani lami kujitenga na maji, na kuenea vizuri, tena huinua nguvu ya sampuli iliyolowa. Ikizidi, tabaka hukakamaa, husinyaa na kupasuka, na maji hupita katika nyufa hizo hadi chini. Mwongozo wa Afrika Kusini wa changarawe iliyotiwa lami unaweka kikomo cha asilimia 1 ya saruji, na hata hapo saruji isizidi lami. Kwa daraja la juu la changarawe hiyo, toleo lake la 2009 lilitaka kipimo cha kupasua sampuli kwa kuibana ubavuni kifike kilopaskali 225 ikiwa kavu na 100 ikiwa imelowa.

Tatizo ni wasanifu wanaoshangilia namba ya sampuli kavu, kwa kuwa saruji huipandisha kwa urahisi. Mimi ripoti isiyoonyesha matokeo bila saruji, na chokaa, kisha na saruji, siisomi zaidi ya ukurasa wa kwanza. Pia yuko anayekokotoa uhai wa tabaka hili kwa uchovu wa lami ya moto, yaani kupasuka kwa kupindwa mara nyingi, ilhali tabaka hili huharibika hasa kwa kubonyea na kufanya mifereji ya magurudumu. Kwa barabara ya magari mazito, pima mshikamano na pembe ya msuguano (jinsi chembe zinavyokwamana) kwa mgandamizo wa pande tatu, ambapo sampuli hubanwa kuzunguka ubavu huku ikisukumwa kutoka juu.

Je, nitumie emulsheni ya anioni au ya kationi?

Kationi, ambayo matone yake yana chaji chanya (ya anioni yana chaji hasi), yenye kuvunjika polepole ndiyo inayofaa kwa miamba mingi, hasa granaiti na kwatsi. Usimimine moja katika tangi lenye mabaki ya nyingine, kwani lami itaganda humo humo.

Changarawe yetu ina kielezo cha unyumbufu cha 14. Je, tuongeze emulsheni?

Hapana. Kielezo hicho kikiwa juu, huonyesha kuna udongo wa mfinyanzi mwingi, nao hung'ang'ania maji na lami haipati pa kushika. Tibu kwanza kwa chokaa, iache ifanye kazi yake, kisha pima upya. Ikibaki juu ya 10, tafuta changarawe nyingine. Emulsheni si dawa ya udongo mbaya, hata muuzaji akisema nini.

Je, tabaka hili linaweza kuachwa bila tabaka la juu?

Haliwezi.

Mkandarasi anataka kukausha sampuli kwa nyuzi 105 ili kuokoa muda. Je, tumruhusu?

Msimruhusu. Sampuli za milimita 100 hukaushwa kwa nyuzi 40 hadi uzito usibadilike tena, kwa kawaida saa 72, kisha zile za kupimwa zikiwa zimelowa huzamishwa majini kwa saa 24. Kwa nyuzi 105 lami hulainika, hutiririka na kuzifunika chembe kwa namna ambayo haitatokea barabarani, na nguvu mtakayoipima haitakuwa ya tabaka mnalokwenda kulijenga.