Mkurdi si lazima awe Peshmerga: kwa mlioanza dawati la kimataifa

Wadogo zangu, nimesoma rasimu zenu za wasifu wa Fazil Barwari, na karibu zote zinamwita kamanda wa Peshmerga, yaani jeshi la Wakurdi wa kaskazini mwa Iraq. Kosa hili nimelifuta kwa waliowatangulia, na kwa waliowatangulia wao. Tulimalize leo.

1. Uliza anapokea amri kwa nani. Barwari, mwana wa Duhok katika eneo la Wakurdi, alianzia Peshmerga, kweli. Lakini baada ya Saddam kuangushwa 2003, Wamarekani waliunda kikosi cha makomando kwa kuchanganya wapiganaji wa vyama vya Wakurdi na vya Waarabu. Barwari akapandia huko hadi kuwa meja jenerali, akiongoza brigedi ya kikosi maalumu kinachojulikana kama Divisheni ya Dhahabu. Kikosi hicho kiko chini ya Idara ya Kupambana na Ugaidi, na idara hiyo humjibu waziri mkuu wa Iraq moja kwa moja.

Mtaniambia tofauti ni ndogo. Haya, tazameni Oktoba mbili. Tarehe 17 Oktoba 2016, katika vita vya kuukomboa mji wa Mosul kutoka kwa kundi la ISIS, Peshmerga walishambulia mashariki ya mji huo, na siku tatu baadaye makomando hao wa Baghdad wakaingia mji jirani wa Bartella. Walikuwa bega kwa bega. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Oktoba, wiki tatu tu baada ya Wakurdi kupiga kura ya kujitenga, makomando hao walikuwa miongoni mwa vikosi vya Baghdad vilivyoingia Kirkuk, mji uliokuwa mikononi mwa Wakurdi, na safari hii Peshmerga walikuwa upande wa pili. Msomaji wa Mombasa au Bujumbura mliyemwambia kwamba Barwari ni Peshmerga ataielewaje siku hiyo? Mkurdi aliyevaa sare ya serikali inayowaondoa Wakurdi wenzake Kirkuk! Uzito wote wa maisha yake uko hapo, nanyi mmeufuta kwa neno moja.

2. Vyeo viandikwe kamili.

3. Msimpambe, wala msimpunguze. Makomando hawa walifunzwa kuvamia usiku na kuondoka, lakini Mosul walitumiwa kama askari wa kawaida, mtaa kwa mtaa, kwa karibu miezi tisa. Nyaraka za bajeti za wizara ya ulinzi ya Marekani zilitaja hasara ya asilimia 40. Inaniuma kila nikiisoma. Hata hivyo, miaka michache kabla, Wairaqi wengi walikiogopa kikosi hicho na kukiita jeshi binafsi la Nouri al-Maliki, waziri mkuu wa wakati huo. Yote mawili yaingie. Mmoja wenu alikata la pili akitafuta nafasi, nami nimelirudisha.

4. Chanzo cha kifo. Baadhi yenu mmeandika "aliuawa". Barwari alifariki Duhok tarehe 20 Septemba 2018, kwa mshtuko wa moyo. Rekebisheni hilo kwanza, kisha mniletee rasimu mpya kesho asubuhi.