Mhakiki wa pili hakuchukii, jamani

Wiki hii nimemkuta mwanafunzi wa tatu analalamika pepa yake imekataliwa na wahakiki, wale wataalamu wanaoikagua kabla jarida halijaichapisha, eti kwa sababu wazee wanaogopa mawazo mapya, halafu akanitajia Wegener, yule mwanasayansi Mjerumani aliyepingwa kisha akaonekana alikuwa sahihi. Wegener tena! Haya wadogo zangu, kaeni.

1. Wegener alisema mabara yanasogea mwaka 1912, visukuku na miamba ya pande mbili za Atlantiki inalingana, sawa, ila alipoulizwa ni nini kinasukuma bara zima, nguvu alizotaja wanafizikia wakazipigia hesabu wakaona hazitoshi hata kidogo. Swali lilikuwa la haki. Hoja ilikuja kukubalika miaka ya 1960, sakafu ya bahari ilipopimwa, mwenyewe keshafariki tangu 1930.

2. Mjibu mhakiki pointi kwa pointi, taja na ukurasa uliobadilisha. Basi.

3. Usijibu siku hiyohiyo. Hapa naongea kwa machungu. Pepa yangu ya kwanza mhakiki wa pili aliuliza kitu kimoja cha kijinga (niliona mimi), kwamba je, makundi yote mawili ya sampuli yalipimwa siku moja? Nikakesha nikaandika kurasa nne, mpaka nikaweka "ni dhahiri mhakiki hakusoma", supavaiza yuko safari sikumsubiri, saa nane usiku nikabonyeza tuma. Mhariri akajibu mstari mmoja, asante, imekataliwa. Nikatangaza kila mahali naonewa, na kwenye kongamano nikasimama, tofauti ya makundi hayo nikaiita ugunduzi. Miezi kadhaa baadaye nafungua daftari la maabara natafuta kitu kingine kabisa, nakuta mwandiko wangu mwenyewe: kundi la kwanza Jumatatu, kundi la pili Alhamisi, na katikati Jumatano mashine imekalibretiwa, yaani vipimo vyake vimerekebishwa upya. Nilisikia tumbo linashuka. Nikarudia, sampuli nimezichanganya zote siku moja, ugunduzi ukayeyuka. Nilikuwa nimegundua Jumatano.

4. Pia mnapenda ile ya Marshall, daktari wa Australia, kunywa bakteria 1984 kuonyesha wanaumiza tumbo. Alipata gastraitisi (uvimbe wa ukuta wa tumbo), kidonda cha tumbo hakupata, na wakosoaji hawakunyamaza hapo. Waliobadilisha mambo ni wagonjwa waliopewa antibayotiki kwenye majaribio na vidonda vyao visirudi, mpaka 1994 jopo la NIH, taasisi za taifa za afya kule Marekani, likapendekeza tiba hiyo. Nobeli yeye na mwenzake Warren wamepewa 2005. Hesabuni miaka wenyewe.

Yule wa wiki hii kanitumia rasimu ya majibu yake, inaanza na "Kwa heshima zote". Nimemwambia afute, alale, kesho aje na daftari la maabara.