Kabla hujatuma mate yako maabara

Mwaka nilioanza dawa za sonona, nililala kwenye cherehani. Sikusinzia, nililala kabisa, paji la uso juu ya kitenge cha mteja, saa nne asubuhi, hapa hapa Nkuhungu, Dodoma. Nilikuwa nameza amitriptilini vidonge vitatu vya miligramu 25 kila usiku. Wenzangu wa kliniki walimeza hivyo hivyo na alfajiri wakaenda shamba. Mimi mdomo ulikauka kama mbuga ya Bahi mwezi wa kumi, na nikisimama dunia inazunguka. Nikaambiwa nitazoea. Nikaacha mwenyewe, kimya kimya, na wiki chache baadaye nilikuwa pabaya kuliko mwanzo. Hilo usiliige.

Kaka yangu anaishi Marekani. Naye dawa ya aina hiyo ilimlaza, daktari wake akamtemesha mate kwenye kichupa, yakapimwa vinasaba. Majibu yalionyesha kwamba kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, kinachosaidia kuvunja amitriptilini, haloperidoli na dawa nyingine kadhaa, kwake ni kivivu. Dawa ya jana haijaisha, ya leo inaingia juu yake. Wapo walio kinyume: ini linaifyeka dawa mapema mno, halafu nyumbani wanashutumiwa kwamba hawamezi.

Basi nikataka kupimwa, hata kwa kuuza cherehani moja. Daktari niliyempata safari hii, mama mmoja mpole, akanizuia kidogo. Kipimo hicho, alisema, hakitaji dawa itakayokuponya. Kinaeleza ini lako linavyoishughulikia dawa, basi. Na majibu ya kaka si yangu. Tumetoka tumbo moja lakini huenda hatukurithi sawa.

Nilisoma zaidi nikamwelewa. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, kwa mfano, hukizuia kimeng'enya hicho hicho, hivyo mwenye ini jepesi akiitumia anaweza kuwa kama mwenye ini zito, na karatasi ya maabara haitabadilika. Halafu kuna aina ya kinasaba inayoitwa *17, iliyoelezwa mwaka 1996 kwa watu wa Zimbabwe, inayopunguza kasi ya kimeng'enya na ni ya kawaida kwetu Waafrika. Kama unalipia, uliza kwanza: mnaitafuta hiyo? Wasipoitafuta, unaweza kuambiwa uko kawaida na hauko. Mwaka 2018 hata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wasibadilishe dawa kwa kutegemea vipimo hivi peke yake.

Sikuuza cherehani. Daktari alinirudisha kwenye kidonge kimoja, akasema tutapanda taratibu, na akanituma nikanunue daftari. Jina la dawa, kiasi, saa ya kumeza, saa ya kuamka. Sigara pia andika kama unavuta, maana moshi wake huharakisha ini kuiondoa olanzapini, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, na ukiacha sigara ghafla kiasi cha dawa mwilini hupanda. Ukisikia aibu kubeba daftari (mji huu ukitaja tu Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, watu wanakuangalia mara mbili) lifunge gazeti.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa ndugu: nani alimeza nini, ikamfanyaje. Nikampigia mama, Kondoa. Akakumbuka vidonge alivyopewa kwa ganzi ya miguu. Alilala siku mbili, akavitupa chooni. Nikamwomba atafute cheti cha zamani anisomee jina, herufi kwa herufi.

"A," akaanza. "M. I. T..."