Jibu: Chembe zangu zote zinakimbilia kushoto, tatizo ni nini?

Mkuu, umesema modeli yako ya Vicsek, ya kuiga kwenye kompyuta makundi yanayosafiri pamoja kama ndege, ile ambayo kila chembe ina kasi ileile na hufuata wastani wa mwelekeo wa jirani zake, inaishia kushoto kila ukiiendesha, hata ukibadilisha namba nasibu za kuanzia. Pole. Mimi nilikaa na kosa hilohilo wiki mbili, tena nikidhani nimevumbua jambo.

Nadhani unajumlisha pembe halafu unagawa kwa idadi. Chembe moja ikielekea digrii 10 na nyingine 350, zote mbili zinakwenda kulia, lakini wastani wako unatoa 180, yaani kushoto kabisa. Pembe zikihesabiwa kuanzia 0 hadi 360, katikati ni 180, basi kundi zima linavutwa huko. Geuza kila mwelekeo kuwa vekta yenye urefu wa 1, jumlisha x zote, jumlisha y zote, ndipo utafute pembe ya vekta iliyopatikana. Kelele nasibu, yaani mkengeuko wa bahati nasibu kwenye pembe, uiongeze baada ya hapo, si kabla. Kisha iendeshe mara ishirini: kundi likichagua upande tofauti kila mara, umepona.

Kipimo cha mpangilio ni urefu wa vekta ya wastani, yaani jumla ya vekta hizo ikigawanywa kwa idadi ya chembe: 1 zikienda sambamba, karibu na 0 zikitawanyika. Usishtuke ukiona 0.1 kwa chembe 100 zilizovurugika. Ni takriban moja kugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi yake, hakuna kosa.

Sasa swali lako la pili, kama mpangilio unapotea polepole au ghafla kelele ikizidi. Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Vicsek na wenzake mwaka 1995 waliona unapungua taratibu. Mwaka 2004 Grégoire na Chaté wakatumia masanduku (eneo ambamo chembe zinatembea) makubwa zaidi, wakaona unaanguka kwa kuruka. Mimi nilikuwa na sanduku la pande 10, chembe 400, na mchoro laini ambao niliuonea fahari. Nikapanua sanduku bila kugusa wiani (idadi ya chembe kwa eneo), na karibu na ukomo wa mpangilio ikajitokeza mikanda minene ya chembe ikisafiri pamoja, na kati ya mkanda na mkanda chembe chache zinazurura ovyo. Kwenye sanduku dogo mikanda hiyo haina pa kukaa, kwa hiyo huwezi kuiona.

Gharama yake ni muda. Ukiongeza upande mara mbili, chembe zinakuwa mara nne, na ukilinganisha kila moja na zote, kazi inakuwa mara kumi na sita. Gawa sanduku kwa vyumba vyenye upande sawa na umbali wa ujirani, ukague chumba chako na vinane vinavyokizunguka tu. Yangu ilikuwa inakesha. Siku hizi inamaliza kabla chai haijapoa.

Halafu angalia umbali pembezoni. Sanduku linajizungusha, inayotoka kulia huingia kushoto, kwa hiyo chembe iliyo ukingo wa kulia ni jirani wa iliyo ukingo wa kushoto, na picha uliyoweka ina ufa mrefu hapo unaonitia shaka. Tuwekee kipande hicho cha msimbo wa programu tukione.