Biti Unazo, Sasa Jifunze Kuhesabu Sekunde

Kijana mmoja wa Mafinga ametuandikia. Anatengeneza biti za Bongo Fleva, ana laptop na FL Studio (programu ya kutengenezea muziki), na anauliza anunue kinanda gani ili aanze kutunga muziki wa filamu na matangazo. Maswali ya aina hii hayaishi, na karibu yote yanaanzia dukani. Kinanda chochote cha vitufe 49 kinatosha, hata cha 25. Ongeza hedifoni za kufunika masikio, saundi kadi yenye matundu mawili, maiki moja ya kondensa na diski ya nje. Habari ya duka imeishia hapo. Wanaokosa kazi hapa Mbeya na Iringa wengi wao vyombo wanavyo. Shida ni kwamba muziki wao unamfikia mhariri wa video ukiwa mtamu lakini hauingii popote.

Anza na tangazo la redio la sekunde 30, maana ndiyo kazi iliyo karibu nawe. Kabla ya kugusa kinanda, piga hesabu. Kwenye tempo ya 96, yaani mapigo 96 kwa dakika, bari (fungu) ya mapigo manne inachukua sekunde 2.5, kwa hiyo bari 12 ni sekunde 30 kamili. Tempo ya 128 inakupa bari 16. Ile ya 120 ambayo programu nyingi zinakufungulia nayo inakupa bari 15, na bari 15 zinasumbua kwa sababu sentensi za muziki tulizozoea zinakwenda kwa nne nne. Watu wanaikubali hivyohivyo, halafu mwishoni wanaufifisha muziki kwa nguvu. Msikilizaji wa kwenye daladala hajui kilichotokea, ila anahisi kuna kitu kimekatwa.

Chukua 96. Bari mbili za kwanza, yaani sekunde tano, ni za muziki peke yake: hapo ndipo unapomshika mtu sikio. Bari ya 3 hadi ya 10 ni za msomaji. Bari ya 11 inapandisha jina la bidhaa, na pigo la kwanza la bari ya 12 linaangukia sekunde ya 27.5. Hapo piga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya mwisho, uiache ilie yenyewe mpaka inyamaze. Msomaji amebaki na sekunde 20, na msomaji wa Kiswahili anayesikika vizuri hatumii zaidi ya maneno 40 na kitu humo. Mfanyabiashara wa mbolea akikuletea karatasi ya maneno 90, mwambie kabla hujaanza kutunga. Usipomwambia, msomaji atakimbia kama dalali wa mnada na lawama zitaangukia muziki wako.

Chini ya sauti ya msomaji, ondoa chombo chochote kinachoimba wimbo. Gitaa la solo na filimbi vinagombania nafasi moja na matamshi. Acha besi, ngoma na kodi zinazokaa chini, kisha upunguze muziki huo desibeli tatu hivi kati ya kilohezi 2 na 4, kwa sababu humo ndimo konsonanti zinamosikika. Besi nayo ina mtego wake. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya hezi 150, kwa hiyo ile besi nzito inayotikisa studio haipo kabisa kwa mkulima wa Uyole anayesikilizia simu shambani. Ipe besi uchakavu kidogo (distortion) ili isikike juu ya hapo, kisha sikiliza kazi yote kwenye mono (kushoto na kulia zikiwa sauti moja) kupitia simu ya bei ya chini kabisa utakayoipata.

Filamu ni habari nyingine. Usitunge kwenye video ambayo bado inahaririwa. Mwombe mwongozaji nakala iliyofungwa, yaani isiyohaririwa tena, yenye saa inayoonekana juu ya picha, pamoja na idadi ya fremu, yaani picha zinazopita, kwa sekunde. Kwetu nyingi ni 25, lakini kamera na simu mara nyingi hurekodi 24 au 30, na baadhi ya simu hubadilisha kasi katikati ya rekodi. Muziki uliopangwa kwa video ya 24 ukiwekwa kwenye video hiyohiyo iliyoharakishwa kuwa 25, baada ya dakika kumi umepishana na picha kwa sekunde 24. Projekti yako iwe kilohezi 48 na biti 24 (hivi ni vipimo vya kurekodi sauti, si biti za ngoma), si 44.1 ya CD ambayo wapiga biti wengi wameizoea. Faili la 44.1 likisomwa kama la 48 linakwenda mbio kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda nusutoni moja na nusu. Mwimbaji wako mzito anageuka kijana wa shule. Weka pia mlio mfupi wa fremu moja sekunde mbili kamili kabla ya picha ya kwanza, mhariri aone pa kupangia.

Na tafadhali, usipime kama muziki umeshika picha kwa kutumia spika ya bluetooth. Inaweza kuchelewa milisekunde 200, ambazo kwenye fremu 25 ni fremu tano. Utauwahisha muziki ili upatane na spika, na ukifika kwa mwenye spika ya waya utasikika umetangulia picha.

Kuna kosa la vijana ambalo halihusiani na mashine: kujaza. Filamu fupi ya dakika 20 inatosheka na dakika sita au saba za muziki. Kaeni na mwongozaji, mwandike kila muziki unaingia saa ngapi, unatoka saa ngapi, na kwa sababu gani. Sababu ikiwa ni "pamepoa", ruka. Uingize muziki nyuma ya jambo linalosikika, mlango kufungwa au pikipiki kuwaka, na masikio hayatashtuka. Sikiliza pia kilichopo tayari. Tukio la ndani ya nyumba Tukuyu, mvua ikipiga bati, limeshajaza sauti zote za juu. Ukiongeza kayamba hapo umeongeza vumbi tu. Weka chelo, au kwaya ya wanaume wakivumisha chini.

Kwaya hapa kwetu ni mali, na vijana wanaipita wakienda kutafuta sampo (sauti zilizorekodiwa tayari) za Ulaya. Karibu kila kata ina watu wanaosimama sauti nne bila mwalimu kuwashika mkono. Warekodi ndani ya kanisa usiku, maiki mbili, mita tatu mbele yao, siku isiyo na mvua. Ligombo, chombo cha nyuzi cha Wahehe, nalo mtafiti wa muziki wa Afrika Hugh Tracey alilirekodi mwaka 1950, na bado ni nadra kulisikia kwenye tangazo. Mpigaji umlipe, na jina lake liandikwe kwenye orodha ya waliohusika.

Unapokabidhi, toa mchanganyiko mzima pamoja na makundi yaliyotenganishwa: ngoma, besi, kodi, wimbo, sauti za watu. Yote yaanze sekunde ileile. Dakika moja ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya stereo kwa vile vipimo vya kilohezi 48 na biti 24 ni takriban megabaiti 17, hivyo panga bando mapema. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti, maana ukituma kama sauti inaweza kubanwa.

Sasa fedha. "Kazi hii itakukuza jina" haijawahi kulipa kodi ya chumba, na anayeisema huwa amekwishamlipa mpiga picha. Dai nusu kabla ya kuanza, na marekebisho yawe mawili, la tatu lina bei yake. Karatasi moja inatosha: muziki utatumika wapi, redio au mitandaoni, kwa miezi mingapi, na nani anabaki na haki. Kwa kawaida hakimiliki ni yako tangu ulipoitunga kazi, lakini isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, upate ushahidi. Kama umetumia lupu (vipande vya muziki vinavyojirudia) za mtandaoni ambazo kila mtu anazo, soma masharti yake kabla ya kuuza haki ambazo huna.

Kazi za matangazo kwetu zina msimu. Mbegu na mbolea zinatangazwa kabla mvua za Novemba hazijaanza, na maonesho ya wakulima ya Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, ni mwanzoni mwa Agosti. Ukibisha hodi Agosti umechelewa. Nenda Mei au Juni na sampuli tatu za sekunde 30, kila moja ikiwa na msomaji ndani yake, kwa sababu mwenye duka la pembejeo hawezi kukisia muziki wako utakavyokaa chini ya jina lake.