Maswali ya Wasomaji: Kuwahisha Cheche Katika Injini ya Turbo

SWALI: Ndugu Mhariri, gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne yenye turbo, nami nimeifungia kompyuta inayoniruhusu kubadili majedwali ya petroli na ya taimingi (wakati wa cheche kuruka). Niliwahisha cheche kwa nyuzi nne zaidi za mzunguko wa kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwenye eneo la mzigo mkubwa. Injini ikiwa haijapata moto gari huchomoka vizuri, lakini ikishapata moto nguvu hupungua, na nikikanyaga mafuta hadi mwisho nikipanda mlima nasikia mlio kama wa misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Je, niweke nyuzi ngapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya jambo lolote lirudishe jedwali la awali, na usiikanyage tena injini hiyo hadi mwisho. Mlio unaoueleza ni wa injini kugonga, na katika injini ya turbo kugonga kwa muda mfupi tu chini ya mzigo mkubwa kunatosha kuvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi au kuchoma gaskiti ya silinda hedi.

Petroli haiwaki yote mara cheche inaporuka. Moto huanzia kwenye plagi na huchukua muda kusambaa, kwa hiyo cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili shinikizo lifike kilele pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, kwenye nyuzi 15 hivi baada ya pistoni kufika juu kabisa. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika kranki hugeuka nyuzi 6 katika kila milisekunde; kwa mizunguko 6,000 hugeuka nyuzi 36 katika muda uleule, na hiyo ndiyo sababu cheche huwahishwa zaidi kadiri mwendo unavyopanda. Turbo nayo huvuta upande wa pili, kwa kuwa mchanganyiko ulioshindiliwa huwaka upesi na huhitaji kuwahishwa kidogo. Ukiwahisha kupita kiasi, shinikizo huipinga pistoni ingali inapanda, na mchanganyiko uliosalia pembezoni, ambao moto haujaufikia, hubanwa na kupata joto hadi ukalipuka wenyewe. Hewa inayoingia ikiwa na joto hali hiyo huja mapema zaidi. Tena, kompyuta yako ikiwa inasoma sensa ya kugonga, huichelewesha cheche ili kuiokoa injini, nawe unahisi nguvu zimepungua.

Kuhusu idadi ya nyuzi, sitakutajia, na ninakusihi usiinakili namba ya mtu mwingine hata kama injini zenu zinafanana, kwa sababu huenda hata namba unazoziona kwenye kompyuta yako si za kweli. Anza kwa kuifunga taimingi kwenye kompyuta ibaki nyuzi 10, kisha imulike puli ya kranki kwa taa ya taimingi, ambayo humulika kila cheche inaporuka ili usome alama za nyuzi. Taa ikionyesha 14, basi kila namba iliyomo kwenye jedwali lako inadanganya kwa nyuzi 4, na huenda tatizo lako lote limeanzia hapo. Pandisha mwendo hadi mizunguko 4,000 taimingi ikiwa bado imefungwa: alama ikihama, mpangilio wa ishara ya sensa ya kranki una kasoro ambayo lazima irekebishwe kwanza. Ichunguze na puli yenyewe, maana zile zenye mpira katikati huweza kuteleza, alama ikahama bila mtu kujua. Kilele halisi cha pistoni huthibitishwa kwa kupima kupitia tundu la plagi.

Mchanganyiko wa petroli na hewa nao uwe umetulia, lambda (kipimo cha hewa ikilinganishwa na petroli, ambapo chini ya 1 petroli imezidi) ikiwa karibu na 0.80 turbo inaposukuma kwa nguvu zote. Baada ya hapo lipeleke gari kwenye dainamometa, yaani mashine ya kupimia nguvu za gari, inayoweza kuushikilia mwendo mmoja chini ya mzigo. Anza na cheche iliyocheleweshwa, ongeza uzi mmoja mmoja, ukiangalia torki (nguvu ya kuzungusha) na kusikiliza bloku ya injini kwa vipokea sauti vya masikioni. Nyuzi za mwanzo huongeza torki sana, zinazofuata huongeza kidogo, kisha haiongezeki tena. Hapo simama, hata kama injini haigongi, kwa kuwa kila uzi wa ziada ni hatari isiyo na faida. Kwa petroli ya kawaida injini ya turbo mara nyingi hugonga kabla ya kufika hapo, na ikigonga rudi nyuma nyuzi mbili au tatu. Usiicheleweshe mno kwa woga pia, maana moto humalizikia kwenye ekzosi na kuzipasha joto kali valvu na turbo. Mwisho lijaze jedwali la kuchelewesha cheche kadiri hewa inayoingia inavyozidi kuwa na joto.

SWALI: Je, petroli yenye okteni kubwa itaniongezea nguvu bila kugusa taimingi?

JIBU: Ikiwa kompyuta ilikuwa ikichelewesha cheche kwa sababu ya kugonga, utaziona nguvu zikirudi. Vinginevyo hutaona tofauti kubwa, kwani okteni huzuia tu petroli isilipuke yenyewe. Nguvu huja pale nafasi hiyo inapotumiwa kuwahisha cheche au kuongeza shinikizo la turbo. Ukishapanga jedwali kwa petroli hiyo, hifadhi na lile la petroli ya kawaida, na ulirudishe kabla ya kuendesha kwa nguvu siku utakapokosa yenye okteni kubwa.